Inaondoka Saa Tano

Niseme mapema: kosa halikuwa la meli wala la Wataliano. Watu nikiwasimulia hukimbilia kuwalaumu Wazungu, na mimi kwa hasira zangu ningependa sana iwe hivyo. Lakini meli iliondoka kwa saa yake, na saa hiyo mimi nilikuwa nchi kavu, sina pasipoti, sina hata fotokopi, nimeshika mkoba na mita mbili za kitambaa.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Joubert Park, Johannesburg, chini ya ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla sijahamia, na ninalala Berea, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kama hujasimama kusalimiana. Kwetu Tanga. Mipaka nimeivuka mingi maishani, ila yote kwa kutafuta: kutafuta kazi, kutafuta karatasi, kutafuta pa kumlea mtoto. Nilipotimiza hamsini na tano nikasema basi, na mimi nitakwenda kutembea. Peke yangu, kutembea tu, kama watu.

Jirani yangu wa dukani, msusi kutoka Lubumbashi, aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu akaja kunishangaa.

"Mama, unaenda Bulaya? Uko na ndugu kule?"

Nikamwambia sina.

"Unaenda kuuza kitu?"

Siendi kuuza.

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Naenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"We! Kuangalia!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniahidi kuwa wateja wangu atawapokea yeye mpaka nirudi.

Aliyepanga safari yote ni binti yangu. Ana miaka ishirini na sita, kazaliwa hapa hapa Johannesburg, anafanya kazi ofisini huko Randburg. Kiswahili anakisikia chote. Msengenye uone kama hasikii. Kujibu ndiyo hajibu. Namuuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiingereza. Namsema kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Akiwa na wenzake ni Kizulu tupu. Nilikuwa nimeshazoea, au tuseme nilijifanya nimezoea, maana kuna siku jambo lile liliniuma hasa.

Alinitafutia safari ya vipande viwili. Kipande cha kwanza ni basi la watalii kutoka Paris, kupitia Uswisi, mpaka Genoa. Cha pili ni meli, wiki nzima, tukitia nanga Livorno, Napoli, Palermo, Barcelona na Marseille. Nchi nne kwa viza moja, na viza yenyewe ya kuingia mara moja tu. Ukitoka umetoka.

Siku ya kuondoka alikuja Berea kunichukua, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua. Ilikuwa Kiswahili. Huyu mtoto hajawahi kuniandikia hata ujumbe wa simu kwa Kiswahili, na pale alikuwa ameandika ukurasa mzima, kwa mkono, kwa wino wa bluu. "Mama, hii ni safari yako. Usipotea. Basi iko na mtu wa kuongoza, yeye atakuamsha. Meli hakuna mtu, soma hii." Kisha chini bandari zote, moja moja. "LIVORNO. Meli inafika saa saba. Inaondoka saa tano. Rudi mapema."

Makosa niliyaona, nikayapita kimya. Nililia, yeye akageuka akajifanya anatafuta funguo za gari. Tangu hapo sikuona haja ya kusoma karatasi nyingine yoyote.

Kwenye basi mambo yalikwenda sawa, ila raha sikuipata kama nilivyotarajia. Wenzangu wote walikuwa wawili wawili. Kiongozi akihesabu vichwa, anahesabu mbili, nne, sita, akifika kwangu anasita. Nilikula mikate yao migumu, nikaona theluji juu ya milima wakati chini watu wamevaa kaptura, nikasema Yarabi dunia hii. Lakini kila baada ya dakika chache mkono wangu ulikuwa tumboni, kwenye kifuko cha pasipoti. Ni mazoea ya Johannesburg. Kule kwetu huendi hata spaza, kiduka cha mtaani, kununua chumvi bila karatasi zako, kwa sababu gari la polisi likikusimamisha kwenye robot, yaani taa za barabarani, na huna kitu cha kuonyesha, siku hiyo hulali kwako. Nimeishi hivyo miaka ishirini na nane. Hata bafuni najua karatasi zangu ziko wapi.

Ndiyo maana tulipopanda meli Genoa nilitaka kugombana. Dada wa mapokezi alisema wenye viza wote wanaacha pasipoti zao pale mpaka mwisho wa safari, halafu akanikabidhi kadi ya plastiki, nyepesi kama ya kuchukulia vitabu maktaba.

"Hii ndiyo nini?" nikamuuliza.

Akasema ndiyo kitambulisho changu, hata bandarini natoka nayo na kurudi nayo. Nikamwambia hapana, dada, mimi siachi pasipoti yangu kwa mtu. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Akaniambia kwa upole kwamba bila hivyo sipandi. Nikaiacha. Usiku ule sikupata usingizi mpaka karibu saa sita.

Nilipoamka meli ilikuwa imetulia. Nikachungulia dirishani: bandari, makontena, ndege weupe wanapiga kelele. Tumeshafika Livorno. Nikatoa karatasi ya mwanangu. Inafika saa saba. Enhe, nikasema, saa saba za usiku, mimi nimelala. Inaondoka saa tano. Basi ni saa tano usiku. Siku nzima ni yangu na jioni yote ni yangu! Mlangoni palikuwa na gazeti la meli, lile wanalolipenyeza chini kila siku, la Kiingereza, lina saa zote na matangazo yote. Nililikanyaga nikatoka.

Nilikuwa na hamu ya Florence tangu zamani, kwa ajili ya vitambaa. Kutoka Livorno ni treni ya kama saa moja na nusu. Nikafika, nikayapita makanisa na misururu ya watu, nikaingia vichochoro mpaka nikapata nilichokitaka: duka jembamba, giza kidogo, na ndani mzee ana futi shingoni kama langu. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Nikamwonyesha sugu ya mkasi kwenye dole gumba langu, akanionyesha ya kwake, basi, yakaisha. Akanitandikia sufu ambayo sijawahi kushika kama ile. Akanionyesha anavyoshona tundu la kifungo kwa mkono, mimi nikamwonyesha tunavyotia darizi kwenye shingo ya kanzu. Tukacheka kama watoto. Nilijiambia kweli nimetembea, hata kesho nikirudi nyumbani nimetembea. Nikamwambia kwa ishara anikatie mita mbili, nami naketi tu hapa, sina haraka mimi.

Simu ikaita. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Kiangazi saa za kule na za Johannesburg ni zile zile, kwa hiyo najua binti yangu alikuwa mezani kwake Randburg.

"Mama, uko karibu na meli?" Alisema Kiingereza, kama kawaida.

"Meli ya nini saa hizi? Niko Florence, kwa fundi mwenzangu. Wallahi ungemwona!"

"Mama. Meli inaondoka saa tano." Hilo alilisema kwa Kiswahili, kama alivyoliandika.

"Si ndiyo nakwambia. Mpaka saa tano nitakuwa nimeshalala."

"Hapana, Mama. Saa tano. Leo. Sasa ni karibu saa tatu!"

"Saa tatu? Saa tatu ya wapi, mbona jua liko..."

Niliona vile vidole vyake, akiwa mdogo, akijifunza saa shuleni kwa Kiingereza. Mshale mfupi uko kwenye tano, basi saa tano. Kwangu mimi mshale ukiwa kwenye tano ni saa kumi na moja. Hiyo hata haifikiriwi. Ukiwa Mswahili unatazama tano unasema kumi na moja, kwisha. Lakini kuna mtu lazima akuambie, na huyu hakuambiwa na mtu.

"Wanafunga mlango nusu saa kabla," alisema.

Hapo sasa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mengi. Nilisema hivi, kwa sauti ya kupasua duka: "We mtoto umeniua! Pasipoti yangu iko melini! Kiswahili gani hiki ulichoandika? Bora usingeandika kabisa!"

Simu ikakatika. Sijui ni yeye aliyekata au ni mtandao.

Mzee wa watu alikuwa amesimama na mkasi mkononi, macho yamemtoka. Nikamwekea pesa mezani bila kuzitazama, nikanyakua kitambaa, nikatoka mbio. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, baibui limekusanywa mpaka magotini, nakimbia katikati ya watalii wanaopiga picha. Nikapotea mara moja, nikarudi, nikapotea tena. Nilimuuliza kijana mmoja stesheni iko wapi, akanionyesha nyuma yangu.

Treni ya kurudi ilikuwa inaondoka karibu saa tisa na nusu. Nilikaa ndani yake dakika kumi ikiwa imesimama, na dakika zile kumi zilinimaliza kuliko mbio zote. Nikampigia binti yangu. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei. Nikaandika, "Niko kwenye treni," nikaona imefika, imesomwa, hakuna jibu.

Ikaondoka. Nikaanza kupiga hesabu ambayo majibu yake nilikuwa nayajua: treni inaingia Livorno saa kumi na moja kasoro kitu, mlango wa meli unafungwa saa kumi na nusu. Nimeshachelewa. Kilichobaki ni meli yenyewe isiwe imeng'oa nanga, na kuwe na mtu pale wa kunionea huruma. La sivyo niko Italia, Mwafrika, sina karatasi, na viza yangu ya kuingia mara moja imebandikwa ndani ya kitabu kinachoelea kwenda Napoli. Atakayeamini hadithi yangu ni nani? Mimi mwenyewe Berea nimesikia hadithi za namna hiyo kwa watu waliokamatwa, na sikuziamini.

Tulipopita Pisa wakapanda polisi wawili. Niliwajua kabla sijaona sare zao vizuri. Mwili wangu unawajua. Walipita mabibi wenye mapaka kwenye vikapu, wakapita wanafunzi, wakasimama kwa kijana mweusi aliyekuwa viti vitatu mbele yangu. "Documenti." Yule kijana akasimama, akajipekua mfuko huu, mfuko ule, pole pole. Nikajisemea moyoni, tazama dirishani, mama, wewe mtalii, tazama dirishani. Nikatazama dirishani na sikuona kitu.

Wakaja kwangu. Yule mrefu akanyoosha mkono. Nikampa kadi ya plastiki.

"Meli," nikasema kwa Kiingereza. "Pasipoti iko melini. Livorno."

Akaigeuza kadi huku na huku. Akatazama picha, akanitazama. Akamwonyesha mwenzake. Kisha akatazama saa ya mkononi mwake, akatazama kadi, na uso wake ukabadilika, akanisikitikia. Nilimwona kabisa. Akanirudishia kadi, akasema neno moja ambalo sikulielewa, wakaendelea mbele. Ningeona nafuu angenifokea.

Livorno nilishuka kabla treni haijasimama sawasawa. Nje palikuwa na teksi moja na watu wawili wanaingojea. Niliwapita. Astaghfirullah, niliwapita kama siwaoni, nikajitupa ndani, nikamwonyesha dereva kadi na kupiga kelele, "Meli! Meli!" Yule bwana alitazama saa, akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga mafuta. Alipita taa nyekundu moja ninayoikumbuka. Mimi kiti cha nyuma nasoma dua zote nilizofundishwa utotoni, nachanganya ya safari na ya chakula.

Getini mlinzi alituinulia kizuizi. Tulipokata kona ya makontena niliiona. Ilikuwa nyeupe, kubwa kama mtaa mzima, na kati yake na ukingo palikuwa na maji. Si mengi. Ungerusha mpira wa uzi ungefika. Kule juu watu walikuwa wanapunga mikono, muziki unapigwa, na wanaume wawili chini walikuwa wanazikunja kamba.

Nilishuka nikasimama. Sikupiga kelele. Nguvu za kupiga kelele zote nilizimaliza kwa mwanangu.

Ndipo nikaona mwanamke mwenye fulana ya manjano anakuja kwangu, ana bahasha ya kaki. Akanisomea jina langu kwenye bahasha, akilivunja vunja. Nikaitika. Akanieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yeye ni wakala wa bandari, kwamba abiria asiporudi meli humwachia pasipoti yake, na kwamba niende Napoli kwa treni, nitaikuta meli kesho. Sanduku langu liko salama chumbani. Akanipa bahasha.

Nikaifungua palepale. Kitabu changu. Nikafungua ukurasa wa picha, nikafungua ukurasa wa viza, nikazigusa kwa kidole, moja moja. Nikakaa chini kwenye sakafu ya bandari, baibui na vumbi na yote, nikapumua. Yule mwanamke aliniinamia, akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepona.

Simu ikaita.

"Mama?" Alikuwa analia, na nyuma yake nilisikia sauti za ofisi. "Umepata?"

"Meli imeondoka. Lakini pasipoti ninayo. Ninayo mkononi. Usilie."

"Ni mimi. Mimi nimefanya."

"Si wewe. Saa zetu sikukufundisha. Ni kosa langu."

Akavuta kamasi. Kisha akaanza kusema kwa Kiswahili, pole pole, anatafuta kila neno kabla ya kulitoa, na mimi nikakaa kimya nisije nikamkata.

"Mimi nilijua kitambo," alisema. "Kiswahili yangu ni mbaya. Tangu mdogo nilijua. Kwa teksi, mimi naongea, wewe unanifinya. Unasema nyamaza. Kila siku. Nikaacha. Hii karatasi nilifanya wiki mbili, Mama. Nilifikiri sasa hutaona haya."

Eish. Nilimkumbuka ana miaka sita, kiti cha nyuma cha teksi ya kwenda mjini, daladala za Johannesburg, ananihesabia magari mekundu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili safi cha Tanga. Ulikuwa mwaka ambao watu waliangalia unavyotamka neno kabla hawajaamua wakufanye nini. Mtaani kwetu walikuwa wameshamtoa mgeni kama sisi dukani kwake na kumpiga. Nilimfinya paja nikamwambia nyamaza. Nikamfinya kesho yake, na keshokutwa, na mwaka uliofuata, mpaka nikawa sina haja tena ya kumfinya. Sikumweleza kwa nini, alikuwa mtoto, sikutaka aogope. Halafu akakua, na hakuna siku nilimweleza.

Nikamwambia yote hayo, nimekaa pale sakafuni, machozi yananitiririka mbele ya wakala wa bandari. Nikamwambia sikuwa naona haya, mwanangu, nilikuwa naogopa. Niliogopa kuna watu wasiotutaka watakusikia.

Nikasikia akivuta mlango, zile sauti za ofisi zikapotea.

"Mama," alisema, "mimi nilifikiri asiyetaka kunisikia ni wewe."